Kama IL-2 huamsha seli T, kwa nini panya wasio nayo hushambuliwa na kinga yao wenyewe?

Zuhura_Bayo aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Nasoma shahada ya baiolojia na nimekwama kwenye jambo ambalo mwalimu alilipita haraka sana.

Tumefundishwa kwamba intalukini-2 (IL-2) ndiyo protini inayoziambia seli T (aina ya chembe nyeupe za damu za kinga) zizaliane. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1976 kama kikuzaji cha seli T, kwa sababu iliwezesha seli T za binadamu kuendelea kukua kwenye chupa za maabara. Hapo sina shida.

Slaidi iliyofuata ikasema kwamba panya walioondolewa jeni ya IL-2 hawabaki na kinga legelege kama ambavyo ningetarajia. Kinga yao inavunja chembe nyekundu za damu hadi wanaishiwa damu, na wanaonusurika utumbo mpana unavimba na kutoka vidonda. Wengi hufa wangali wadogo. Mwalimu akasema, "Ni kwa sababu ya seli T dhibiti," akaendelea na mada nyingine.

Protini moja inawezaje kuchochea seli zinazoshambulia na wakati huohuo seli zinazozizuia? Na ni IL-2 pekee, au kuna saitokini (protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari) nyingine zenye mkono kwenye hizi seli dhibiti? Anayejua naomba anieleze kwa kina, hata kama maelezo ni marefu. Sitaki kukariri kwa ajili ya mtihani tu.

Mzee_wa_Wengu:

Binti, IL-2 inagusa seli nyingi mno. Ukiondoa protini inayogusa seli nyingi, mfumo mzima unavurugika na mvurugiko unaweza kuonekana kwa sura yoyote. Sioni siri hapo.

Benchi_la_Seli:

Zuhura, swali lako ndilo lililonivuta kwenye kazi hii ninayofanya, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Mzee wangu, kwa heshima, siri ipo. Kama ingekuwa ni mvurugiko wa jumla tu, usingeweza kuuondoa kwa kurudisha aina moja ya seli. Mwaka 2002 lilifanyika jaribio la namna hiyo. Panya wachanga waliokosa mnyororo wa beta wa kipokezi cha IL-2 walipewa seli T dhibiti kutoka kwa panya wenye afya, na ugonjwa uliokuwa uwaue haukutokea. Seli zao nyingine zote zilibaki vilevile, hazina kipokezi. Mwaka 2005 watafiti wengine wakaja kwa upande wa pili: wakachukua panya wa kawaida asiye na kasoro yoyote ya jeni, wakamdunga kingamwili inayoifunga IL-2. Seli dhibiti zikapungua, na kinga ya panya huyo ikaanza kulishambulia tumbo lake. Soma majaribio hayo mawili kwa pamoja. Seli zinazoshambulia zinaweza kufanya madhara makubwa bila IL-2. Seli dhibiti bila IL-2 hazisimami.

Kwa nini tofauti hiyo? Jibu liko kwenye kipokezi. Kina minyororo mitatu: alfa (CD25), beta (CD122) na gama (CD132). Beta na gama zikiwa peke yake huishika IL-2 kwa nguvu ya wastani. Ikijiunga alfa, mshiko unakaza kwa takriban mara 100. Seli T ya kawaida iliyotulia karibu haina CD25 kabisa. Huitoa kwenye utando wake kwa muda tu baada ya kuamshwa na antijeni, yaani kitu ambacho seli hiyo hukitambua. Seli T dhibiti huwa nayo siku zote, tena tele. IL-2 ikiwa chache, na mwilini huwa chache karibu muda wote, seli dhibiti ndizo zinazoipata.

CD25 hiyohiyo ndiyo iliyozifichua seli hizi. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi alichukua seli T za panya, akaziondoa zenye CD25, zilizobaki akawapa panya wasio na seli T. Panya hao wakaugua tumbo, tezi ya shingo, ovari na kwingineko. Zile zenye CD25 zikirudishwa mapema, ugonjwa hauji.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Seli dhibiti hazijitengenezei IL-2. Ndani ya kiini chake kuna protini iitwayo FOXP3, inayoamua jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze. FOXP3 huinyamazisha jeni ya IL-2 na kuiinua ile ya CD25. Kwa hiyo seli dhibiti inaishi kwa IL-2 ya wengine, na hao wengine ni seli T zinazoamka, yaani zilezile ambazo pengine zinajiandaa kushambulia! Mwaka 2015 zilichapishwa picha za tezi za limfu za panya zinazoonyesha seli dhibiti zimejikusanya kuzizunguka seli chache zilizokuwa zimeanza kutoa IL-2 baada ya kutambua protini za mwili wenyewe. IL-2 ikitoka kwenye seli haifiki mbali, inanaswa palepale. Seli inayoanza kuugeukia mwili inawaita wazuiaji wake kwa protini yake yenyewe. Nimeyajua haya muda mrefu na bado hunisisimua kila ninapoyaeleza.

IL-2 ikishaingia kwenye kipokezi, seli dhibiti huwasha STAT5, protini ya kupeleka ujumbe ndani ya seli. STAT5 huenda kwenye kiini na kuishika jeni ya FOXP3 yenyewe, hivyo FOXP3 haipotei seli zinapogawanyika. Na FOXP3 nayo huidumisha CD25. Ukikata IL-2, mzunguko huo unalegea.

Kazini kwetu tunazichagua seli hizi kutoka kwenye damu ya binadamu kwa alama tatu: CD4 (alama ya seli T zinazoongoza nyingine), CD25 nyingi, na CD127 kidogo. CD127 ni sehemu ya kipokezi cha IL-7, ambacho seli T nyingine huwa nacho kwa wingi. Tunazikuza kwa shanga ndogo zenye kingamwili za CD3 na CD28 (ambazo huiamsha seli T), IL-2 uniti 300 kwa kila mililita, na rapamaisini, dawa ya kupunguza kinga. Kishimo kimoja cha sahani tunakiacha makusudi bila IL-2 kwa ajili ya kulinganisha. Ukikiweka chini ya hadubini unakuta seli zimesinyaa na zimetapakaa moja moja, ilhali kwenye vishimo vya jirani zimefanya mafungu makubwa yanayoonekana hata kwa jicho tupu.

IL-2 haiko peke yake. Lazima nikutajie saitokini nyingine, TGF-β. Baadhi ya seli dhibiti hutoka kwenye tezi ya thaimasi (iliyo kifuani, seli T zinakokomaa) zikiwa tayari dhibiti. Nyingine hutoka zikiwa seli T za kawaida, zikageuzwa huko nje, hasa utumboni. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba TGF-β ikiikuta seli T ya kawaida wakati inaamshwa, huiwashia FOXP3. Utumboni asidi ya retinoiki, itokanayo na vitamini A, huongeza nguvu ya mgeuko huo. Vivyo hivyo butireti, ambayo bakteria wa utumbo huitengeneza kutokana na nyuzinyuzi za chakula.

Halafu ongeza IL-6, nayo saitokini, kwenye kishimo kilekile chenye TGF-β. Seli inashika njia nyingine kabisa: inakuwa Th17, mojawapo ya seli zinazochochea inflamesheni kwenye ngozi, viungo na utumbo. Maabara kadhaa zilitangaza hilo mwaka 2006, karibu kwa pamoja. IL-6 huwasha STAT3, ndugu wa STAT5, FOXP3 inakandamizwa, na protini nyingine, RORγt, inashika usukani. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye mtihani kama TGF-β hutuliza au huchochea, usijibu kabla ya kuuliza ilikuwa pamoja na nini.

Sista_Uboho:

Benchi, ubarikiwe kwa maelezo haya. Mimi ni muuguzi kwenye wodi ya waliopandikizwa uboho. Baadhi ya wagonjwa wetu hupata ule ugonjwa wa seli za mtoaji kumshambulia mpokeaji: ngozi inakakamaa, mdomo unakauka, macho yanawasha hadi mtu hawezi kusoma. Tunawapa siklosporini, na nilifundishwa kwamba inazuia kutengenezwa kwa IL-2. Kwa haya uliyoandika, si tunazinyima na seli dhibiti?

Benchi_la_Seli:

Sista, umeona mbali. Ndiyo, tunazinyima kwa kiasi fulani. Siklosporini na takrolimusi hukizuia kimeng'enya cha kalsinurini, na kalsinurini ikizuiwa seli T haiwezi kuwasha jeni ya IL-2. Mashambulizi yanapungua, na riziki ya seli dhibiti inapungua pamoja nayo. Dawa hizi zimeokoa maisha mengi na mgonjwa yeyote anayesoma hapa asiziache. Nazungumzia namna zinavyofanya kazi tu. Rapamaisini hupitia kwingine, kwenye mTOR (protini inayosimamia ukuaji wa seli), na seli dhibiti huivumilia vizuri kuliko seli zinazoshambulia. Ndiyo sababu tunaiweka kwenye vishimo vyetu.

Wapo waliojiuliza kama wewe, wakaamua kuwapa wagonjwa hao IL-2 yenyewe, kidogo. Matokeo ya jaribio la kwanza la namna hiyo kwa ugonjwa huo ulipokuwa sugu yalichapishwa 2011. Wagonjwa walikuwa 29 ambao dawa za steroidi hazikuwasaidia vya kutosha. Walichomwa chini ya ngozi kila siku kwa wiki 8. Kati ya 23 walioweza kutathminiwa, 12 walipata nafuu iliyopimika, na seli dhibiti kwenye damu ziliongezeka zaidi ya mara 8 kufikia wiki ya 4.

Nataka uone ukubwa wa dozi, maana somo lote limo humo. IL-2 iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kutibu saratani ya figo iliyosambaa, kwa uniti 600,000 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 8. Mtu wa kilo 70 anapata uniti milioni 42 kwa mara moja, milioni 126 kwa siku. Mishipa midogo inavujisha maji, shinikizo la damu linashuka, na mgonjwa anahitaji uangalizi wa karibu sana. Kwenye jaribio la 2011 dozi iliyokubalika ilikuwa uniti milioni 1 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, kwa mtu huyohuyo chini kidogo ya milioni 2. Tofauti ni kama mara 70. Dozi ndogo inawafikia wenye CD25 nyingi. Dozi kubwa inafurika hadi kwa wenye beta na gama tu, yaani seli T za CD8 (zinazoua seli nyingine moja kwa moja) na seli NK (wauaji wa asili), ambao ndio waliokusudiwa kuiua saratani.

Hata hivyo dozi kubwa haiziruki seli dhibiti. Kwa wagonjwa wa melanoma (aina ya saratani ya ngozi) waliopewa dozi hiyo, ziliongezeka nazo, na kwenye saratani hiyo ni hasara: hujaa ndani ya uvimbe na kuukinga. Wanasayansi wanaojaribu kuiunda upya IL-2 ili ishike mnyororo mmoja na kuuacha mwingine wanahangaika na jambo hili hili. Si rahisi. Toleo moja lililounganishwa na polima, bempegaldesilukini, lilishindwa mwaka 2022 kwenye jaribio kubwa la melanoma.

Viungo_Vinauma:

Samahanini, mimi si mwanasayansi, ila nimesoma yote. Nina baridi yabisi ya viungo na nachomwa tosilizumabu. Daktari alisema inazuia IL-6. Sasa Benchi umesema IL-6 ndiyo inayozigeuza seli kuwa Th17. Je, ina maana seli zangu dhibiti zinarudi?

Benchi_la_Seli:

Pole sana ndugu yangu, na nafurahi umeuliza.

Tosilizumabu hukifunga kipokezi cha IL-6 ili IL-6 isipate pa kushika. IL-6 ina kazi nyingi: inaliambia ini litengeneze CRP (protini ya damu inayopimwa kuonyesha inflamesheni), inaleta homa na uchovu, inachangia mfupa kulika kwenye kiungo. Nafuu yako inaweza kuwa inatokana na hayo yote. Kuhusu seli dhibiti, zipo tafiti zilizoona uwiano kati yake na Th17 ukiegemea upande wa dhibiti kwa baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa hiyo.

Ila idadi peke yake haitoshi. Maji ya kiungo kilichovimba kwa baridi yabisi mara nyingi huwa na seli dhibiti nyingi kuliko damu, na kiungo bado kinauma. Tangu 2003 tunajua kwamba IL-6 hufanya jambo jingine, tofauti na kuzigeuza seli: inazifanya seli T zinazoshambulia zisitii tena udhibiti. Wakati wa maambukizi hilo lina faida, kwa sababu mwili unahitaji kupigana bila kuzuiwa. Kwenye kiungo chako hakuna maambukizi ya kupigana nayo, na IL-6 iko pale kila siku.

Kitu kimoja cha kukusaidia nje ya mada: dawa hiyo hushusha CRP na inaweza kuficha homa. Ukijisikia mgonjwa, mwone daktari hata kama kipimo cha CRP kiko chini.

Mzee_wa_Wengu:

Jaribio la 2002 nimelikubali, limejibu hoja yangu. Lakini kuna maelezo nimewahi kuyasoma, kwamba seli dhibiti hutuliza wenzake kwa kuinyonya IL-2 yote wengine wakakosa. Wewe unasema zinaihitaji ili ziishi. Ni lipi?

Benchi_la_Seli:

Mzee, yote mawili, lakini inategemea nani anazuiwa. Kuna kazi ya 2016 kwenye panya iliyoyatenganisha vizuri sana. Waliondoa kipokezi cha IL-2 kwenye seli dhibiti tu, kisha wakaziwekea STAT5 iliyowaka muda wote. Seli hizo hazikuweza kuinasa IL-2, lakini ndani yake zilijiona kama zimeipata. Zilifanikiwa kuzituliza seli T za CD4. Za CD8 zikaendelea kuamka. Kwa hiyo kuinyonya IL-2 ni silaha muhimu zaidi dhidi ya CD8, na kwa CD4 kinachotakiwa ni ile ishara ya ndani.

Zina njia nyingine. CTLA-4, protini iliyo kwenye utando wake, huzinyofoa molekuli za CD80 na CD86, zinazosaidia kuziamsha seli T, kwenye seli zinazoonyesha antijeni. Zinatoa IL-10, saitokini ya kutuliza, pia, na hapa mahali panabeba uzito: mwaka 2008 watafiti waliondoa jeni ya IL-10 kwenye seli dhibiti za panya pekee, na madhara yakatokea utumboni, kwenye mapafu na kwenye ngozi, sehemu zinazokutana na dunia ya nje. Ogani za ndani hazikushambuliwa kama inavyotokea seli dhibiti zikikosekana zote.

TNF, saitokini nyingine, ninaipita haraka kwa sababu watafiti bado wanavutana. Ina vipokezi viwili. TNFR2 hupatikana kwa wingi kwenye seli dhibiti na baadhi ya maabara huona inazikuza, nyingine huona TNF inazidhoofisha.

Zuhura_Bayo:

Benchi, sijui nikushukuruje. Nimechora mzunguko wa IL-2, STAT5 na FOXP3 na kwa mara ya kwanza naelewa kwa nini panya wale wanaugua. Swali la mwisho: karibu kila kitu umesema ni panya. Kwa binadamu tuna ushahidi gani?

Benchi_la_Seli:

Upo, na wamiliki wake ni watoto wagonjwa, kwa hiyo usome ukiwakumbuka.

Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, walipokuwa wakichunguza panya wa ukoo uitwao scurfy, walipata jeni iliyoharibika kwa panya hao, ambayo leo tunaiita FOXP3. Iko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana panya wanaokufa ni madume. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba kwa binadamu jeni hiyo ikiharibika husababisha IPEX: mvulana mchanga anaharisha bila kukoma, anapata kisukari mapema mno, na ngozi inajaa ukurutu. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025 ilikwenda kwa hao wawili pamoja na Sakaguchi.

Lakini kwa swali lako la kwanza, watoto wa kuwasoma ni wale adimu zaidi wanaozaliwa bila CD25. FOXP3 yao ni nzima. Hata hivyo wanaharisha vilevile, wana ukurutu, na kinga inashambulia ogani zao kiasi kwamba daktari anaweza kudhani ni IPEX. Kisha kuna kitu ambacho kwa kawaida hukioni sana kwenye IPEX: virusi vinawaandama, hasa saitomegalo, kwa sababu seli zao zinazoshambulia nazo zimekosa IL-2. Mtoto mmoja anakuwa na kinga inayomshambulia na kinga isiyomlinda, kwa kasoro ya mnyororo mmoja wa kipokezi. Kwa makundi yote mawili, upandikizaji wa uboho unaweza kuwatibu.